Wati Elfu Tano kwa Chumba cha Kulala

4 Oktoba

Mimi ni Wilson Kipkorir wa Cheptiret, yule wa vipaza sauti. Mgeni akishuka barabarani aulize, hata mtoto atamwonyesha boma langu. Shule niliacha darasa la nne, lakini mwandiko wangu unashinda wa wengi waliomaliza. Nimechukua daftari kuukuu ya kijana wetu Dennis, ambayo kurasa za nyuma zilibaki safi. Naandika kwa sababu jioni hakuna wa kuongea naye. Brigid, mke wangu, amehama.

Hajahama boma, amehama chumba. Tangu Agosti analala kwa chumba cha Chepngetich, msichana wetu aliyeolewa kule Iten. Na huko siwezi kumfuata. Kwetu baba haingii chumba cha binti yake, awe nyumbani au awe kwa bwana yake. Tangu Chepngetich avunje ungo sijavuka huo mlango. Brigid anajua vizuri. Ndiyo sababu alichagua huko na si sebuleni.

Kosa ati ni la mashine yangu. Hiyo amplifaya nimefanya nayo kazi ya mikutano, harambee, matanga, mbio za shule. Nilipozeeka nikaileta chumbani, nikaiunganisha na redio. Saa kumi na moja asubuhi naiwasha nisikie matangazo ya vifo kwa lugha yetu. Mzee asiyejua nani amekufa atauliza habari ya mtu mbele ya mjane wake. Brigid anasema hiyo mashine inanguruma kama ya kusaga unga hata kama hakuna mtu anaongea ndani yake, na kwamba amechoka kuamshwa na maiti. Nilicheka. Nilipogeuka alikuwa anakunja blanketi.

5 Oktoba

Mvua. Mwezi huu tunataka jua la kukausha mahindi, si hii.

9 Oktoba

Leo nimeshangaa mpaka nimekaa chini. Dennis ametuma spika kutoka Amerika, zimeletwa na rafiki yake nesi aliyekuja likizo. Nilitayarisha meza kubwa. Kumbe ni visanduku viwili vya mbao, kila kimoja nakibeba kwapani kama kuku.

Dennis akapiga simu. Akaniambia hizo ni za kuweka kwa rafu, za chumba cha kulala, nisizifunge kamwe kwa ile mashine ya mikutano kwa sababu ile ilitengenezewa vipaza sauti vya nje na itaziua. Nitafute amplifaya ndogo mjini. Wati thelathini, na nikitaka sana, hamsini.

Nilitoa simu sikioni nikaiangalia. Wati thelathini ni balbu ya zizi. Nikamkumbusha kwamba baba yake alishawahi kuongea na uwanja mzima, mpaka wanawake waliokuwa mtoni wakajua nani ameshinda mbio.

Akasema, "Baba, hicho chumba ni cha watu wawili tu."

Sikumwambia siku hizi ni cha mtu mmoja.

Wakati huo Brigid alikuwa anapita na beseni. Akagusa mbao ya spika kwa kidole, polepole, vile anagusa kitambaa akiwa dukani. Akasema, bila kuniangalia, kwamba kama hizi zinaweza kuimba bila ngurumo ile, yeye anaweza kurudi asikilize kwaya jioni.

Nimesikia hilo neno. Kwa hivyo kazi yangu msimu huu ni moja. Nipate amplifaya ya maana, mke wangu arudi.

11 Oktoba

Nimeenda Eldoret. Nur wa zamani, ambaye nilikuwa nanunua kwake waya na betri, siku hizi anakaa nyumbani, miguu imemkataa. Duka linakaliwa na binti yake, Ruwayda. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo Mzee," akanipa kiti, halafu akaanza kuniuliza maswali ambayo fundi hajawahi kuniuliza. Chumba kina ukubwa gani. Kitanda kiko upande gani. Spika zitakaa mbali kiasi gani na masikio. Ni nani atakuwa anasikiliza.

Nikamwambia mimi ndiye nitasikiliza na nataka mashine, sitaki daktari.

Akaweka juu ya kioo kitu kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nikangoja alete mashine yenyewe. Hakuleta.

Sasa, mimi nina njia yangu. Amplifaya naipima na mkono. Mashine ya kweli ndani iko na transfoma, chuma na shaba, ukiinua unahisi begani. Hivi ndivyo nimenunua zote tangu nianze kazi na hakuna iliyonidanganya. Hii ya Ruwayda niliinua na vidole viwili. Nilishtuka kama mtu aliyepanda ngazi ambayo haipo. Nikamuuliza mzigo wenyewe uko wapi.

"Ndiyo hiyo yote, Mzee. Transfoma kubwa hawaweki siku hizi, imekuja njia nyingine. Keti nikuwekee usikie."

Nikamwambia mimi sisikilizi kitu kinachoenea mfuko wa shati. Watu wawili waliokuwa dukani wakacheka, na nikatoka wakiwa bado wanacheka. Nilijibu vizuri sana.

12 Oktoba

Kanisa. Mvua tena. Brigid ameimba na akina mama, sauti yake bado inasimama.

16 Oktoba

Shambani. Nimekata mahindi upande wangu wa juu, Brigid amesema upande wa chini uachwe umesimama mpaka jua litoke. Nimemwambia muhindi ukikaa unaibiwa na ndege. Yangu nimeyavuna vile yalivyo, magunzi mazito, yamejaa mkono. Yeye amebaki na yake yamesimama kama wanajeshi kwa mvua.

Sifuna amekuja kuangalia kama tutahitaji mashine yake ya kupukuchua. Ni jirani, alitoka Bungoma zamani, trekta yake ndiyo inasaidia kila mtu hapa, na mdomo wake haukai. Akashika gunzi langu, akalikamua kidogo, akasema, "Mzee Wilson, haya mahindi yameoga kuliko wewe."

Halafu akaniuliza kama ni kweli ninalala peke yangu. Nikamwambia paa linavuja upande wa Brigid. Akaangalia paa. Ni mabati mapya.

20 Oktoba

Leo ni sikukuu, na mimi nimeipata.

Nimeenda barabarani Cheptiret kununua msumari, nikapata gari limesimama, vijana wamevaa fulana moja, muziki unatikisa vibanda. Wanauza amplifaya. Mbele imeandikwa kwa rangi ya dhahabu, wati elfu tano. Nilisoma mara mbili nikifikiri sifuri imezidi. Elfu tano. Taa za bluu zinacheza zenyewe. Kijana akaniambia hii kampuni imefunga huko ng'ambo, hizi ni za mwisho.

Mimi sikumsikiliza. Niliinua. Mikono miwili, na mgongo ukalia. Moyo wangu ukatulia pale pale.

Bei sitaandika hapa. Brigid anajua kusoma.

21 Oktoba

Nimeifunga kwa spika za Dennis. Nilipofungua sauti, kuku wote walikimbilia kwa mahindi, na Sifuna akaja mbio kuuliza nani amefariki. Hiyo ndiyo mashine. Nikimaliza kuongeza nikapunguza, kuna kitu kama zzzz kinabaki chini. Nimejiambia ni nguvu. Ng'ombe dume naye hupumua kwa sauti.

Brigid amesimama mlangoni na mikono kwa kiuno. Amesema Jumapili baada ya kanisa atakuja na blanketi, ajaribu.

22 Oktoba

Nimefagia chumba mwenyewe.

24 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Sifuna amepukuchua yangu, na magunia nimeyapanga stoo. Nimeinua moja, limenishinda. Mavuno mazuri.

26 Oktoba, Jumapili

Nitaandika yote, hata kama mkono unachoka.

Brigid alikuja mchana kama alivyosema. Alikuwa bado na leso ya kanisa. Akaweka blanketi kwa upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, akakaa, akaweka mikono magotini kama mgeni. Mimi nilikuwa na furaha ambayo nisingemwambia mtu. Nikawasha. Taa za bluu zikacheza ukutani. Redioni kulikuwa na kwaya, ile ya Jumapili mchana, sauti nne.

Akasema nipunguze.

Nikapunguza. Waimbaji wakaenda mbali, zzzz ikabaki pale pale. Akasema nipunguze tena. Nikapunguza, na sasa nikaona jambo la ajabu kwa macho yangu, yaani kwa masikio. Watu walikuwa wamekwisha kabisa, imebaki ngurumo peke yake, tena inaongezeka, kama ndiyo imealikwa.

"Punguza hiyo ya chini," akasema, "uache ya watu."

Nikamwambia hakuna kitufe cha namna hiyo. Nikafikiri labda haijapata nafasi ya kufanya kazi, mashine ya elfu tano haiwezi kufurahi ikibanwa. Nikafungua sauti. Ikaimba kidogo, spika moja ikakohoa, halafu kukawa na harufu ya plastiki ikiungua na mlio kama bunduki ya kufukuza ndege. Moshi ukatoka kwa yale matundu ya nyuma. Taa za bluu zikafa. Nilivuta waya ukutani kwa pupa, mimi ambaye nimefunga mitambo mbele ya wakubwa wa nchi bila jasho.

Brigid alikuwa amesimama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikunja blanketi mara nne, akalinyoosha pembe kwa pembe kama kitambaa cha madhabahu. Akafungua dirisha moshi utoke. Ndipo akaniambia.

"Mzee, leo nimekuja kujaribu. Sitakuja kujaribu tena. Siku nikija, nitakuwa nimekuja kulala."

Nikasikia mlango wa Chepngetich ukifungwa, halafu komeo. Komeo sijawahi kulisikia kabla.

27 Oktoba

Leo sijakula mpaka jioni.

Asubuhi nilichukua bisibisi nikafungua hiyo mashine. Nilijua nitapata fyuzi imekatika. Nilitoa skrubu za nyuma, nikainua kifuniko, nikafikiri nimefungua kitu kingine. Ndani kulikuwa kutupu, kama nyumba ambayo watu wamehama usiku. Pembeni kulikuwa na kibao kidogo cha saketi kama biskuti, kimeungua. Transfoma ilikuwa ndogo kama kiberiti. Na katikati, limefungwa vizuri na utepe mweusi, limegandishwa na gundi nyingi, kulikuwa na donge la saruji.

Saruji. Ya kujenga.

Nilikata utepe nikaligusa na ulimi, kwa sababu macho yangu niliyakataa. Ilikuwa saruji. Nikaitoa, nikaweka kwa kiganja. Uzito wote ulikuwa huo. Nikainua sanduku lililobaki, likapanda hewani kama karatasi.

Nimekaa kitandani nikifikiri juu ya mtu mmoja, sijui anakaa nchi gani. Aliketi kwa meza yake akachora hii kitu. Akajiuliza, nani atainunua? Akajijibu, kuna mzee huko, hasikilizi, yeye huinua. Basi akampimia. Huyo mtu ananijua vizuri na hajawahi kuniona. Watu wamenidanganya kwa ng'ombe, kwa mbolea, hata kwa kura. Lakini hakuna aliyewahi kutengeneza uongo wa kipimo cha mkono wangu.

Nimeenda barabarani. Wenye vibanda wanasema lile gari liliondoka jioni ile ile, likashika njia ya Burnt Forest.

Saruji nimeisukuma chini ya kitanda, upande wa ukutani, ambao hauna mtu.

28 Oktoba

Mvua.

2 Novemba

Jua limetoka siku tatu mfululizo. Brigid amevuna yake, Sifuna amepukuchua, na sasa Brigid ameyaanika kwa turubai mbele ya nyumba. Anayageuza kwa mguu, anatembea ndani yake mistari kama anayelima, halafu anarudi tena. Nimemwambia anayamaliza uzito. Amesema ndiyo.

Turubai lilikuwa linapeperuka. Nimeangalia pembe moja. Ile saruji iko pale, na utepe wake mweusi, imelalia turubai. Alifagia chini ya kitanda akaikuta. Hajauliza ni nini. Hajauliza ilitoka wapi. Anapita kando yake akigeuza mahindi, na kila akipita mimi nangoja aseme, na hasemi.

5 Novemba

Bado hajasema.

8 Novemba

Mnunuzi alikuja na lori na mizani. Nilitoa magunia yangu kwanza, mimi ndiye mwenye boma. Wapakiaji wawili waliinua la kwanza wakaguna. Nikawaambia hayo ni mahindi ya mwanaume. Wakacheka, nami nikacheka, na mizani ikashuka mpaka chini, nikaona siku yangu imekuja.

Mnunuzi akachoma gunia na kile chuma chake chenye mfereji, akatoa punje, akatia moja mdomoni. Haikuvunjika, ikabonyea. Akamimina zingine kwa kipimo cha unyevu. Akaniangalia kwa huruma, na mimi huruma ya mtu mdogo siwezani nayo.

"Mzee, haya siwezi. Yataota ndani ya lori."

Alichoma la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Yote akayarudisha. Halafu akachoma la Brigid. Punje ililia mdomoni mwake kama kokoto, hata mimi nilisikia. Wapakiaji wakalitupa juu ya lori kama mto wa kulalia. Magunia mepesi, lori likajaa nayo.

Nikasema mbele ya watu kwamba haiwezekani, mizani ni shahidi, yangu yanashinda yake kwa kila gunia. Brigid alikuwa anafunga kamba. Akasema, "Uzito wako ni maji, Baba Chepngetich." Watu wakaangalia pengine. Alipofika karibu nami kuchukua kamba nyingine, akaongeza kwa sauti ya chini, ya watu wawili, "Yakikauka huwa mepesi. Wewe kila kitu unapima na mkono."

Lori likaenda. Nimekaa juu ya magunia yangu hadi kukawa baridi. Nililima haya mahindi kabla huyo mnunuzi azaliwe. Najua kuanika, najua kutia punje na chumvi kwa chupa na kutikisa kuona kama chumvi itanata. Nilimfundisha Brigid mimi mwenyewe, alipokuja hapa akiwa bibi arusi. Kwa hivyo nilikuwa najua kwamba kilicho kizuri kinaweza kuwa chepesi. Nilikuwa najua na nikakaa nacho miaka yote bila kukigusa.

Nikafikiria ile sabuni ya Ruwayda.

10 Novemba

Nimerudi mjini na spika zote mbili kwa gunia. Nilipanga maneno ya kusema nikiingia, lakini Ruwayda alisema tu, "Karibu Mzee, chai?" akanitolea kiti kile kile. Angenicheka ingekuwa rahisi zaidi.

Nilimwambia kwanza aifungue, nione tumbo lake. Hakukataa. Akaleta bisibisi ndogo kama ya saa, akafungua ile mashine ndogo mbele yangu. Hakukuwa na nafasi ya kuingiza hata punje ya mtama. Vitu vimesimama vimebanana kama watu sokoni. Nilitafuta saruji. Hakuna.

Akaifunga, akapima spika zangu, akasema zimepona, akaziunganisha na kuziweka kwa rafu pande mbili. Akarudi nyuma ya kioo.

"Sasa washa," nikamwambia.

"Imewashwa, Mzee."

Nikamwambia aache mchezo. Akaniambia niweke sikio. Nilisimama nikaweka sikio kwa kitambaa cha spika kabisa, mpaka shavu likagusa. Hakuna. Wala zzzz, wala pumzi. Kimya cha kisima. Nikamwambia imekufa, na nikaanza kumwonea huruma, msichana wa watu na duka lake.

Akagusa simu. Mtu akaanza kuongea ndani ya spika, karibu nami, kama amekaa kwa hicho kiti changu, mpaka nikageuka kumpisha. Naandika ukweli. Niligeuka. Ruwayda akapunguza sauti, mtu akawa mdogo lakini akabaki mzima. Akapunguza tena. Alikuwa ananong'ona na bado ana meno, ana ulimi, unasikia anapovuta pumzi aongee tena. Nilijua kazi ya kutupa sauti mbali, ifike ng'ambo ya uwanja. Hii ilikuwa inaletwa karibu, na nilikuwa sijui kama hiyo pia ni kazi.

Nikamwuliza ni wati ngapi. Akasema zinatosha. Sikubisha.

Ndipo akarudia lile swali lake la kwanza, ni nani atakuwa anasikiliza. Nikamwambia kuna mke wangu, na yeye ni mkali.

"Basi yeye ndiye angekuja kuchagua," akasema, na akaendelea kufunga waya.

Hakuna fundi, hakuna mchungaji, hakuna mtu yeyote aliyewahi kuniambia kitu kama hicho. Nimepanda nacho kilima mpaka nyumbani. Tumekubaliana niende nayo Brigid asikilize, na kama hataki nirudishe. Ruwayda amesema baba yake ananijua.

11 Novemba

Brigid alisema haji kujaribu tena, na nikimwita atasema namwita kujaribu. Kwa hivyo sikuita. Nimepanga spika kwa rafu, nimewasha, nimeweka kwaya ya akina mama, sauti ya chini, nikaacha mlango wazi. Nikakaa kitandani nikajifanya napiga msasa mpini wa jembe.

Alitokea kwenye korido na ungo wa maharagwe. Akasimama. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine, mkono wake umesahau maharagwe. Kati ya nyimbo kulikuwa kimya, na akauliza kama nimeizima. Nikamwambia hapana, imewaka. Akaniangalia kama anayeniona baada ya safari.

Akaweka ungo chini, akaingia. Moyo wangu ulipiga mpaka nikaogopa utasikika kwa ile nyumba iliyonyamaza. Akainama kwa mashine, akaizunguka na macho, akasema, "Hii ni nzuri." Neno moja tu, lakini kutoka kwa Brigid hilo ni cheti.

Halafu akaing'oa ukutani. Akaibeba kwa mkono mmoja akatoka nayo.

Nilifikiri anaenda kuifuta vumbi. Akarudi akachukua spika moja. Akarudi akachukua ya pili. Nikamwuliza anafanya nini, akasema anaipeleka mahali anapolala. Mlango wa Chepngetich ukafungwa, na baada ya muda mfupi nikaanza kusikia kwaya yangu ikiimba huko ndani, vizuri kabisa, kwa amplifaya yangu.

Nimeishi miaka mingi. Sijawahi kuibiwa nikiwa nimekaa naangalia.

13 Novemba

Nimeweka kiti kwenye korido. Inasikika hata mlango ukiwa umefungwa.

14 Novemba

Leo mlango aliacha wazi upana wa mkono. Nimegeuza kiti nisiangalie ndani.

17 Novemba

Sifuna amekuja kuleta spana akanikuta hapo. Ameniuliza nimeandikwa lini kazi ya askari. Nimemfukuza, lakini kwanza alisimama akasikiliza wimbo mzima.

23 Novemba

Leo nimesema. Imenigharimu. Nilikaa korido, nikaongea na ukuta wa mbele yangu kwa sababu mlango siwezi kuuangalia. Nikamwambia arudi. Ile mashine ya mikutano nimeitoa chumbani, iko stoo na magunia yaliyokataliwa. Nikamwambia matangazo nitasikiliza jikoni. Nikamwambia pia, kama aliona jiwe la saruji, lilitoka ndani ya ile mashine ya elfu tano, sasa anajua.

Akapunguza sauti ya kwaya.

"Niliona siku ya kwanza," akasema. "Nilitaka uniambie wewe."

Nikamwomba tena arudi.

"Mimi huku nalala vizuri. Dirisha liko upande wa jua. Kama unataka, njoo wewe."

"Unajua siwezi kuingia hapo."

"Najua. Lakini huo mlango si mimi niliufunga, Mzee."

Ni kweli. Wala mimi sikuufunga. Ulifungwa kabla yetu sisi wote, na mimi siwezi kuufungua kwa kutaka kusikiliza kwaya.

30 Novemba

Jua. Nimeanika mahindi yangu yale, nayageuza kwa mguu. Yanaanza kulia.

13 Desemba

Chepngetich amekuja na mtoto kwa ajili ya Krismasi. Amepata mama yake amelala kwa kitanda chake na mimi na kiti kwenye korido, na hakuuliza. Wanawake wa nyumba hii wamenimaliza kwa kutouliza.

Mzee haongei na binti yake habari za kulala. Kwa hivyo nilimwambia tu kwamba hiyo mashine kwa chumba chake iko na waya umelegea, na mimi ndiye fundi, na ni shida. Akasema, "Ni shida kweli, Baba." Akaenda jikoni kwa mama yake. Niliwasikia wakiongea, na mara moja wakicheka.

14 Desemba

Leo baada ya kanisa nilikuwa zizini. Chepngetich akaja kule, amebeba begi la nguo zake za zamani na ile picha yake ya kipaimara iliyokuwa ukutani. Akasimama mbele yangu, vile mtu husimama akitaka kusema neno la watu wazima. Nilishtuka kuona ana mvi moja mbele.

"Baba, kile chumba nimekitoa. Nina nyumba yangu, sina chumba hapa tena. Vitu vyangu ni hivi, nimeviondoa kwa mikono yangu. Mimi na mtoto tutalala sebuleni. Mama ni shahidi."

Sikujua mtoto anaweza kufungua kitu kama hicho. Nilikuwa nikifikiri ni wazee peke yao. Nikamshukuru kwa kumpa mkono, kama ninavyompa mtu mzima mwenzangu.

Kisha nikaenda. Nilivua gumbuti mlangoni bila kuambiwa. Nikavuka.

Ni chumba kidogo, cheupe, jua linaingia lote. Spika ziko juu ya matofali aliyopanga Brigid mwenyewe, zimeelekezwa kwa mto, na nilipoketi niliona hakuna la kurekebisha. Waya haukuwa umelegea, yeye anajua na mimi najua. Brigid alikuwa anafuma. Hakuinua macho. Akasema kitanda hiki ni cha mtu mmoja, kesho tulete kile chetu.

Nikamwambia kwa nini kesho. Nikamwita Sifuna.

15 Desemba

Asubuhi, saa kumi na moja, nikanyoosha mkono kutafuta redio. Brigid akaushika huo mkono gizani, akaendelea kulala akiwa ameushika.

Sijui nani amekufa leo. Watu wa barabarani wataniambia.